Viungo Vinavyofunguliwa: Mabadiliko ya Usanifu wa Mashine za Useremala zenye Matumizi Mengi kwa Mfano wa Shopsmith, 1947–1972

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mabadiliko ya usanifu wa mashine ya useremala yenye matumizi mengi kwa kufuatilia historia ya Shopsmith, mashine iliyobuniwa California, Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mifano miwili inalinganishwa: 10ER iliyoanza kuuzwa mwaka 1947 na Mark V iliyoifuata mwaka 1953. Ulinganisho huo unasomwa sambamba na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya California wa mwaka 1963 katika shauri la Greenman dhidi ya Yuba Power Products, lililotokana na ajali ya mashine hiyo hiyo. Hoja kuu ni kwamba moyo wa mashine ya aina hii haukuwa mota wala meza, bali viungo ambavyo mtumiaji alivifungua na kuvifunga kila alipohama kutoka kazi moja hadi nyingine. Kila kazi iliyoongezwa ilikuwa ahadi mpya kwa mnunuzi, na kila ahadi ilisimama juu ya kiungo. Makala yanaonesha kuwa mabadiliko makubwa ya usanifu yaliongeza mzigo wa viungo hivyo, na kwamba sheria ilitoa jibu la swali ambalo wahandisi peke yao hawakuweza kulimaliza: kiungo kikilegea, nani awajibike?

1.0 Utangulizi

Seremala anayefanya kazi peke yake katika nafasi ndogo anahitaji kupasua mbao, kutoboa, kukereza na kupiga msasa. Kila kazi kati ya hizo ina mashine yake, na kila mashine inadai mota, fremu na nafasi ya kusimama. Mashine yenye matumizi mengi ilibuniwa ili kuondoa gharama hiyo ya kurudiarudia. Badala ya mota nne, iwepo moja. Badala ya fremu nne, iwepo moja inayobadilishwa umbo.

Historia ya mashine hizi mara nyingi huandikwa kama orodha ya maboresho: mfano mpya ulikuwa na nguvu zaidi, meza pana zaidi na kasi nyingi zaidi. Mtazamo huo una kasoro mbili. Kwanza, unachukulia kila badiliko kuwa faida tupu, ilhali katika mashine moja yenye kazi nyingi badiliko linaloisaidia kazi moja laweza kuitwisha mzigo kazi nyingine. Pili, unamwacha mtumiaji nje ya historia. Mashine ya kazi moja hutoka kiwandani ikiwa imekamilika. Mashine ya kazi nyingi hukamilishwa na mtumiaji, tena upya, kila anapobadili kazi.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa. Kichwa cha mashine ni sehemu inayobeba mhimili unaozunguka, yaani chuma ambacho msumeno, keekee au mti wa kukerezwa hufungwa. Kishikizi cha mwisho ni sehemu inayoshikilia ncha ya pili ya mti unaokerezwa, ikiukabili mhimili. Skrubu ya kubana ni skrubu ambayo ncha yake hukandamiza uso wa chuma kingine, hivyo sehemu mbili hushikana kwa nguvu ya mkandamizo na msuguano. Kiungo kinachofunguliwa ni mahali popote ambapo mtumiaji anatarajiwa kulegeza, kusogeza na kukaza tena katika matumizi ya kawaida.

Vyanzo vya uchunguzi huu ni vya aina tatu: maelezo ya kiufundi ya mashine zenyewe, mashine zilizosalia hadi leo, na maandishi ya mahakama. Chanzo cha mwisho hakitumiwi sana na wanahistoria wa zana, ingawa ndicho pekee kinachoeleza kilichotokea pale usanifu uliposhindwa mikononi mwa mtu.

2.0 Usuli: Kutenga Kazi na Kuunganisha Kazi

Useremala wa mashine uliingia karne ya 19 ukiwa na mwelekeo wa kutenga kazi. Samuel Bentham alipata hataza nchini Uingereza mwaka 1791 na 1793 zilizogusa mashine nyingi za kufanyia kazi za mbao. Mwanzoni mwa karne iliyofuata, katika karakana ya jeshi la majini ya Portsmouth, Marc Isambard Brunel alisanifu mtambo wa kutengeneza kapi za kamba za meli, na Henry Maudslay akaunda mashine zake. Kila hatua ya kapi ilipewa mashine yake. Kufikia mwaka 1808 mtambo huo ulikuwa ukitoa takriban kapi 130,000 kwa mwaka, na kwa kadirio la wakati huo watu 10 wasio mafundi walifanya kazi iliyohitaji mafundi 110. Somo la Portsmouth lilikuwa wazi: mashine inayofanya jambo moja haihitaji kurekebishwa, na isiyorekebishwa haikosei kwa urahisi.

Hata hivyo, karakana ndogo hazikuweza kufuata njia hiyo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 watengenezaji wa Uingereza walianza kuuza mashine za seremala wa jumla, ambazo fremu moja ya chuma cha kalibu ilibeba msumeno wa duara, visu vya randa na zana za kutoboa. Marekani nako kulikuwa na mashine za aina hiyo. Nguvu ilitoka kwenye injini ya mvuke kupitia mhimili mrefu na mikanda. Jambo muhimu kwa hoja ya makala haya ni kwamba mashine hizo ziliunganisha kazi kwa kuziweka jirani: kila zana ilikuwa na mhimili wake katika pembe yake ya fremu. Fundi alizunguka mashine. Mashine haikubadilika umbo.

Mota ndogo ya umeme ilibadili hali hiyo. Mota yenye nguvu chini ya farasi mmoja iliweza kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani, na mashine ikatoka karakanani ikaingia gereji. Baada ya mwaka 1945 familia nyingi za Marekani zilihamia nyumba mpya za vitongoji, zenye gereji au chumba cha chini ya ardhi, na useremala wa mapumziko ukawa soko kubwa. Mnunuzi wa soko hilo hakuwa fundi aliyefundwa kazini. Alikuwa mtu aliyejifunza kwa vitabu, vijarida na maonesho ya dukani. Mashine ilipaswa kuwa ndogo, ya bei anayoimudu, na yenye kuahidi mengi.

3.0 Shopsmith 10ER: Mhimili Mmoja kwa Kazi Zote

Hans Goldschmidt, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani, alilijibu soko hilo kwa wazo jipya. Badala ya kuweka mihimili kadhaa kwenye fremu moja, aliuacha mhimili mmoja tu na kuifanya fremu nzima igeuke kuuzunguka. Mashine yake ilitengenezwa na kampuni ya Magna Engineering na kuuzwa kwa wingi kupitia maduka ya Montgomery Ward.

Umbile lake lilikuwa rahisi kuelezeka. Mabomba mawili ya chuma yalilazwa sambamba yakiwa reli. Kichwa cha mashine kiliteleza juu yake, kikifuatiwa na meza. Mhimili ulipofungwa msumeno wa inchi 8, mashine ikawa msumeno wa meza. Mti uliposhikwa kati ya mhimili na kishikizi cha mwisho, ikawa kerezo. Sahani ya msasa ilipofungwa, ikawa mashine ya kusugua. Keekee ilipofungwa na reli zikiwa zimelala, ilitoboa kwa mlalo. Reli ziliposimamishwa wima kwa bawaba iliyokuwa upande mmoja wa fremu, ikawa mashine ya kutoboa ya kusimama. Mhimili wenyewe ulikaa ndani ya mrija ulioweza kusukumwa mbele kwa wenzo, kama inavyohitajika katika kutoboa.

Uchumi huo wa vifaa ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ilijitokeza katika mambo mawili.

La kwanza lilikuwa kuinamisha. Msumeno wa meza uliotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, kama ule wa Delta uliojulikana kama Unisaw tangu mwaka 1939, uliinamisha jino la msumeno huku meza ikibaki bapa. Katika Shopsmith mhimili haungeweza kuinama, kwa kuwa ulikuwa pia mhimili wa kerezo na lazima uelekee kishikizi cha mwisho bila kupinda. Kwa hiyo meza ndiyo iliyoinamishwa, na fundi alipasua ubao uliolalia mteremko. Vivyo hivyo, kina cha kupasua kilirekebishwa kwa kupandisha na kushusha meza. Kazi moja ililipa ili nyingine iwezekane.

La pili ni la ndani zaidi. Katika kerezo la kawaida, kichwa chenye mhimili hufungwa kwenye fremu kwa kudumu, na kishikizi cha mwisho ndicho kinachosogezwa kukidhi urefu wa mti. Katika Shopsmith mpangilio huo uligeuzwa. Kishikizi cha mwisho kilichomekwa mwisho wa fremu na kutolewa kilipokuwa hakihitajiki, na kichwa kizito chenye mhimili ndicho kilichotelezeshwa kukifuata. Mageuzi hayo hayakuepukika, kwani kichwa kilipaswa kutembea ili mashine iweze kuwa msumeno, mashine ya kutoboa na kerezo kwa zamu. Lakini matokeo yake ni kwamba mti unaozunguka kwa kasi ulishikwa kati ya viungo viwili, na vyote viwili vilikuwa vya kufunguliwa. Uthabiti ambao kerezo la kawaida liliupata kwenye chuma cha kalibu, Shopsmith iliupata kwenye mkono wa mtumiaji aliyekaza skrubu na vishikio.

Mota ya 10ER ilifungwa nje ya kichwa cha mashine na kuendesha mhimili kwa mkanda kupitia puli za ngazi. Kubadili kasi kulimaanisha kuzima mashine na kuhamisha mkanda kwa mkono. Baadaye kikauzwa kifaa cha ziada kilichoruhusu kasi ibadilishwe bila kuhamisha mkanda. Kifaa hicho kinaonesha utaratibu uliojirudia katika historia ya mashine hii: upungufu wa mfano mmoja uliuzwa kwanza kama nyongeza, kisha ukaingizwa katika mwili wa mfano uliofuata.

4.0 Mark V: Mota Ndani, Kasi Mkononi

Mark V iliyotokea mwaka 1953 ilihifadhi wazo la mhimili mmoja na reli mbili, ila ikasanifu upya karibu kila kitu kilichozunguka wazo hilo. Mashine ilisimama kwa miguu yake yenyewe, ilhali 10ER mara nyingi iliwekwa juu ya benchi aliloliunda mwenyewe mnunuzi. Mota, iliyokuwa na robo tatu ya nguvu ya farasi katika mashine za mwanzo na nguvu 1⅛ baadaye, iliingizwa ndani ya kichwa cha mashine. Kipenyo cha juu cha mti ulioweza kukerezwa kiliongezeka kutoka inchi 15 hadi 16½. Upande wa pili wa kichwa uliendesha mashine ndogo zilizochomekwa mwisho wa fremu, zikiwemo msumeno wa mkanda wa inchi 11 na randa ya inchi 4.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa la kasi. Puli za ngazi ziliondolewa. Mahali pake pakawekwa puli zilizogawanyika nusu mbili. Nusu hizo zilipokaribiana, mkanda ulipanda kwenye kipenyo kikubwa, zilipoachana, ulishuka. Mtumiaji alizungusha kitufe chenye namba na mhimili ukabadili mwendo kati ya mizunguko takriban 700 na 5,200 kwa dakika. Kitufe hicho kilitakiwa kuzungushwa mashine ikiwa inatembea, si ikiwa imezimwa.

Umuhimu wa badiliko hilo unaonekana kwa hesabu ndogo. Msumeno wa inchi 10 ukizunguka mara 3,500 kwa dakika, meno yake husafiri takriban mita 46 kwa sekunde, kasi inayofaa kupasua mbao. Bakuli la mti la inchi 12 likizunguka mara 700 kwa dakika, ukingo wake husafiri takriban mita 11 kwa sekunde, ambazo tayari ni nyingi kwa mti mkubwa usio na mviringo bado. Keekee ya milimita 6 kwa mizunguko hiyo hiyo 700 husafiri chini ya robo ya mita kwa sekunde. Mhimili mmoja ulitakiwa kuhudumia kazi zinazotofautiana kiasi hicho. Kasi inayobadilika kwa wepesi haikuwa anasa, bali sharti la kuwepo kwa mashine. Hata hivyo kiwango cha chini cha 700 kilibaki juu kwa ukerezaji wa vipande vikubwa, na ndiyo maana baadaye kifaa cha kupunguza kasi kiliuzwa kama nyongeza. Utaratibu ulioonekana katika 10ER ukajirudia.

Wepesi huo ulikuwa na upande mwingine. Nguvu inayotikisa fremu kutokana na mti usio na uwiano huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezwa maradufu, mtikisiko huongezeka mara nne. Katika 10ER ugumu wa kuhamisha mkanda ulikuwa kizuizi kisichokusudiwa. Mtumiaji alisimamisha mashine, akapata nafasi ya kutazama. Katika Mark V mkono mmoja uliweza kupita kutoka mtikisiko mdogo hadi mkubwa ndani ya sekunde chache, mti ukiwa umefungwa. Wasanifu walikuwa wametambua kuwa uthabiti unahitaji kufuli imara. Kichwa cha Mark V kilifungwa kwenye reli kwa kabari mbili zilizovutwa pamoja na wenzo mmoja, na kabari husambaza mkandamizo kwenye uso mpana kuliko ncha ya skrubu. Lakini mashine haikuwa na kufuli moja. Ilikuwa na kufuli za kichwa, za mrija wa mhimili, za meza, za kishikizi cha chombo na za kishikizi cha mwisho, na hazikuwa za aina moja. Mashine ya namna hii ina uimara wa kufuli yake dhaifu kuliko zote.

Inafaa kutaja kuwa mwaka 1953 ndio pia mwaka wa kuchapishwa kwa kitabu cha R. J. De Cristoforo, Power Tool Woodworking for Everyone, kilichomfundisha mmiliki wa Shopsmith kazi moja baada ya nyingine. Mashine na mafunzo yake vilitoka pamoja. Hilo linathibitisha kuwa mtengenezaji alijua mnunuzi wake ni mwanafunzi, si fundi aliyekwisha kuhitimu.

5.0 Kiungo Kilicholegea: Shauri la Greenman, 1963

Kwa mujibu wa maandishi ya Mahakama ya Juu ya California, mlalamikaji aliiona Shopsmith ikioneshwa dukani na akasoma kijitabu cha mtengenezaji. Mke wake akamnunulia kwa Krismasi ya mwaka 1955. Mwaka 1957 alinunua vifaa vya nyongeza ili aitumie kama kerezo, akikusudia kukereza kipande kikubwa cha mti kiwe kikombe cha miguu. Alikifanyia kazi mara kadhaa bila tatizo. Kisha kipande hicho kikaruka ghafla kutoka mashineni, kikampiga kwenye paji la uso na kumjeruhi vibaya.

Maandishi ya mahakama yanaitaja mashine kwa jina la Shopsmith tu, bila kueleza mfano wake. Mwaka wa kununuliwa unaiweka katika kipindi cha Mark V, lakini tarehe peke yake haithibitishi kuwa ndiyo iliyohusika, na makala haya hayajengi hoja juu ya dhana hiyo. Kinachotosha ni maelezo ya kiufundi yaliyokubaliwa na mahakama. Wataalamu walieleza kwamba skrubu za kubana zilizotumika kushikilia sehemu za mashine hazikutosha. Kwamba mtikisiko wa kawaida wa kazi ulikisogeza kishikizi cha mwisho mbali na mti. Na kwamba zilikuwepo njia nyingine madhubuti zaidi za kufunga sehemu hizo ambazo zingeizuia ajali.

Kila sehemu ya ushahidi huo inagusa historia ya usanifu. Mtikisiko uliitwa wa kawaida: haukuwa matumizi mabaya, bali tabia ya kerezo lolote linapoanza mti mkubwa. Kiungo kilicholegea kilikuwa cha kufunguliwa, kilichokuwepo kwa sababu mashine ilipaswa kuweza kuacha kuwa kerezo. Na njia bora zilikuwa zinajulikana. Shauri halikuhusu chuma chenye ufa kilichoponyoka ukaguzi wa kiwanda. Lilihusu uamuzi wa msanifu.

Kijitabu cha mtengenezaji kiliongeza uzito. Kilikuwa kimeisifu mashine kwa fremu imara inayotegemeza mti kutoka ncha hadi ncha, na kwa kufuli za uhakika zinazohifadhi marekebisho katika kazi ghafi na kazi ya usahihi. Kwa maneno mengine, mtengenezaji alitangaza uimara wa mahali pale pale ambapo umbile la mashine lilikuwa na udhaifu wake wa asili. Haishangazi. Muuzaji wa mashine ya viungo vingi anajua kuwa shaka ya kwanza ya mnunuzi ni viungo.

Baraza la wazee wa mahakama liliamua mtengenezaji alipe dola 65,000. Muuzaji wa rejareja hakupatikana na hatia ya kulipa. Katika rufaa mtengenezaji alijitetea kwamba mlalamikaji alichelewa kutoa taarifa ya kuvunjwa kwa dhamana, kwani alitoa taarifa yake takriban miezi kumi na nusu baada ya ajali. Tarehe 24 Januari 1963 Jaji Roger Traynor aliandika uamuzi uliovuka hoja hiyo. Mtengenezaji, alisema kwa muhtasari, huwajibika anapoweka sokoni kifaa akijua kitatumiwa bila kukaguliwa, na kifaa hicho kikathibitika kuwa na kasoro inayojeruhi. Si lazima mjeruhiwa aoneshe neno la dhamana alilolitegemea. Kuwepo tu kwa mashine sokoni ni tamko kwamba itafanya kwa usalama kazi zilizokusudiwa. Traynor alikuwa ameitetea fikra hiyo akiwa peke yake mwaka 1944 katika shauri la Escola dhidi ya Coca-Cola Bottling. Mwaka 1963 wenzake wote walikubaliana naye, na mwaka 1965 kanuni ya aina hiyo iliingizwa katika muhtasari wa sheria ya madhara wa Taasisi ya Sheria ya Marekani, kifungu 402A.

Wanasheria wameusoma uamuzi huo kama mwanzo wa enzi mpya ya uwajibikaji wa watengenezaji. Ukisomwa kama hati ya historia ya zana, una maana nyingine iliyo karibu zaidi na chuma chenyewe. Msingi wake ni kazi ambazo mashine imekusudiwa kuzifanya. Mashine ya kazi moja hutoa tamko moja. Mashine iliyouzwa kama msumeno, keekee, kerezo na msasa ilitoa matamko manne, na uimara wake kama msumeno haukuweza kufidia udhaifu wake kama kerezo. Pia uamuzi ulifunga mlango ambao usanifu wa viungo vingi ulikuwa umeuacha wazi. Kwa kuwa mtumiaji ndiye aliyeunda kerezo kwa mikono yake, ilikuwa rahisi kusema kuwa kulegea ni kosa lake. Mahakama ilikataa hilo pale ambapo ukazaji wa kawaida haukuweza kuhimili mtikisiko wa kawaida.

6.0 Baada ya Uamuzi: Mwendelezo na Ushahidi wa Mashine Zilizosalia

Ingekuwa rahisi kudai kwamba uamuzi wa mwaka 1963 ulibadili usanifu wa Shopsmith. Ratiba ya matukio hairuhusu dai hilo. Biashara ya Magna ilikuwa imechukuliwa na Yuba mwishoni mwa miaka ya 1950, utengenezaji ukakoma katikati ya miaka ya 1960, na ulifufuliwa tu baada ya John Folkerth kuanzisha kampuni ya Shopsmith huko Ohio mwaka 1972. Mashine iliyofufuliwa ilikuwa Mark V. Umbile la mwaka 1953 ndilo lililoendelea: mhimili mmoja, reli mbili, fremu inayosimama.

Mabadiliko yaliyofuata yalielekea upande mmoja, yaani kuongeza uthabiti bila kugusa wazo la msingi. Katika miaka ya 1980 mrija wa mhimili ulipata beringi mbili badala ya moja, na meza ikapanuliwa. Karibu mwaka 2010 mota ya kielektroniki ilichukua nafasi ya puli zilizogawanyika na kushusha kasi ya chini hadi mizunguko 250 kwa dakika, hivyo upungufu uliokuwa umezibwa na kifaa cha nyongeza ukaingia mwilini mwa mashine. Wakati huo huo skrubu ya kubana haikutoweka. Hadi leo zana hufungwa kwenye mhimili wa inchi ⅝ kwa skrubu inayokaa juu ya sehemu bapa iliyochongwa kwenye mhimili, na zana nyingi za 10ER huingia kwenye mhimili wa Mark V. Tofauti ni kwamba sehemu bapa huipa ncha ya skrubu kiti, na mzunguko hauwezi kuitelezesha. Kasoro haikuwa kifaa, bali kukiweka mahali ambapo msuguano peke yake ulibeba mzigo.

Ulaya ilichukua njia tofauti. Mashine za huko zenye matumizi mengi, kama zile za Felder ya Austria iliyoanzishwa mwaka 1956, ziliendeleza desturi ya karne ya 19: kila zana na mhimili wake, mara nyingi kila moja na mota yake, zote katika fremu moja. Zilikuwa nzito na ghali, lakini zilipunguza idadi ya viungo vya kufunguliwa. Tofauti hiyo si ya ubora bali ya mahali pa kuweka gharama: katika chuma cha kiwandani, au katika uangalifu wa mtumiaji.

Mashine zilizosalia zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Kwa kuwa sehemu mpya ziliuzwa ili zifungwe kwenye fremu za zamani, mashine ya mwaka 1954 yaweza kuwa na mrija wa miaka ya 1980, meza ya baadaye na rangi iliyopakwa na mmiliki wa tatu. Mtafiti anayetaka kujua usanifu wa mwaka fulani hawezi kutegemea kifaa kimoja, hata kikiwa na namba yake ya kiwandani. Lakini mchanganyiko huo nao ni ushahidi. Unaonesha kuwa wamiliki waliendelea na kazi ambayo wasanifu waliwaachia: kuikamilisha mashine.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia mabadiliko ya Shopsmith kutoka 10ER hadi Mark V na kuyasoma pamoja na shauri lililotokana na matumizi yake. Imeonekana kwamba uamuzi wa Goldschmidt wa kutumia mhimili mmoja ulihamisha uthabiti kutoka kwenye fremu hadi kwenye viungo vinavyofunguliwa. Imeonekana pia kwamba mabadiliko ya mwaka 1953, hasa kasi iliyobadilishwa kwa mkono mmoja, yaliipa mashine uwezo uliohitajika na papo hapo yakaongeza mtikisiko ambao viungo hivyo vingeweza kukutana nao. Orodha ya maboresho haioneshi uhusiano huo, kwa kuwa huhesabu kilichoongezwa bila kuuliza kinabebwa na nini.

Uamuzi wa mwaka 1963 uliweka kipimo ambacho historia ya usanifu inaweza kukiazima. Mashine ipimwe kwa kila kazi iliyotangazwa kuifanya, katika hali ambayo mtumiaji wa kawaida ataiunda kwa mikono yake, na kwa mtikisiko ambao kazi yenyewe huuleta. Kwa kipimo hicho, historia ya mashine yenye matumizi mengi ni historia ya skrubu, kabari na bawaba, na ya mtu aliyesimama mbele ya mti unaozunguka akiamini kuwa vitashika.